Faida na Hatari ya Kujua Mizizi ya Maneno

Vijana wengi huniuliza ni njia ipi iliyo bora ya kuongeza maneno ya Kiingereza. Mimi si mwalimu, wala sina shahada ya kutundika ukutani. Nilicho nacho ni habari ya mambo yaliyonipata Mai Mahiu nilipokuwa karani kijana. Mambo hayo yalinifundisha njia moja iliyo nzuri sana, kisha yakanionyesha ya kwamba njia hiyo hiyo, mtu akiifuata kwa majivuno, yaweza kumpoteza, hata kumwangamiza mtoto wa mwenziwe.

Mtu atokaye Nairobi kwa barabara ya chini hushuka ule ukingo mkubwa wa Bonde la Ufa, akapita kanisa dogo lililojengwa mwaka 1942 na mateka wa vita wa Kitaliani waliokuwa wakitengeneza barabara hiyo, hata akafika bondeni, penye njia panda ya kwenda Narok na Naivasha. Hapo ndipo Mai Mahiu, na mlima Longonot husimama mbele yake. Jina hilo ni la Kigikuyu, nalo maana yake ni maji ya moto. Nairobi nalo ni jina la Kimasai, na maana yake ni maji ya baridi. Basi kila abiria ashukaye ukingo ule hutoka maji ya baridi akaja maji ya moto, ingawa wengi hawajui. Hata mimi niliyekaa pale sikupata kufikiri jambo hilo mpaka nilipofunzwa.

Mwaka 1983 nilikuwa nikiandika hesabu katika ghala la mazao kando ya barabara. Kazi yangu ilikuwa kupokea magunia ya mahindi, maharagwe na viazi, na kujibu barua. Barua nyingi zilikuja kwa Kiingereza, nami Kiingereza changu kilikuwa kichache. Nikanunua kamusi kuukuu, nikaazimia kuijifunza yote kuanzia herufi A, maneno kumi kila usiku kwa mwanga wa taa ya chemli. Baada ya miezi miwili nilikuwa sijatoka katika A. Nililala na maneno kumi, nikaamka na matatu. Nilijua neno la nyumba ya watawa, jambo ambalo hapana barua ya viazi iliyopata kulitaja, lakini sikujua neno la risiti iliyocheleweshwa.

Karibu na ghala palikuwa na hoteli ndogo ya chai, na humo alizoea kukaa mzee mmoja aliyekuwa karani wa reli kabla ya kustaafu. Siku moja aliniona na kamusi yangu, akaniuliza nafanya nini. Nilipomweleza, alicheka kwa upole akasema, "Mwanangu, wewe unahesabu punje za mahindi, na magunia unayaacha. Hebu niambie, neno 'msomaji' ulijifunza siku gani?"

Nikafikiri, nikamjibu, "Mzee, sikumbuki."

"Hukumbuki kwa sababu hukujifunza. Ulijua 'soma', basi ukajua msomaji, somo, masomo, usomaji, kisomo, somesha, someka. Mzizi ni mmoja, na matawi ni mengi. Hata yale maneno tuliyopata kwa Waarabu yana desturi yake. Tazama kitabu, katibu na maktaba: yote yana K, T na B, nayo yote yahusu kuandika. Tazama hukumu, hakimu na mahakama. Wadhani Waingereza hawana mizizi?"

Kisha akainyoshea kidole ile chupa ya chai iliyokuwa mezani. "Hiyo yaitwaje?"

"Themosi," nikasema.

"Hilo ni neno la Kiyunani, na maana yake ni moto. Daktari akikupima homa hutumia 'thermometer', yaani kipimo cha moto wa mwili. Na kule Olkaria, ng'ambo ya Longonot, umeme ulioanza kutolewa mwaka 1981 kwa mvuke wa chini ya ardhi huitwa 'geothermal', kwani 'geo' ni ardhi. Basi chupa hii, na mashine zile za Olkaria, na kijiji hiki cha Mai Mahiu, vyote vina jina la ukoo mmoja."

Siku ile nilirudi ghalani kama mtu aliyepewa ufunguo wa nyumba aliyokuwa akiizunguka gizani.

Tangu hapo nilikwenda kwake kila jioni, na mafundisho yake nayaeleza hapa kwa ufupi, maana yaweza kumfaa msomaji kama yalivyonifaa mimi. Kwanza alinieleza asili ya jambo. Waingereza wana maneno yao ya nyumbani, mafupi, kama maji, moto, mkono na nyumba. Lakini mwaka 1066 nchi yao ilitekwa na watu kutoka Normandy waliosema Kifaransa, na lugha ya Kifaransa ni mtoto wa Kilatini, kama ilivyo lugha ya wale Wataliani waliojenga kanisa letu dogo. Ndiyo sababu maneno mengi ya mahakama, ya serikali na ya ofisi yana asili ya Kilatini. Baadaye wataalamu waliongeza mengine mengi kutoka Kilatini na Kiyunani kwa ajili ya elimu na dawa. Nasi tuna jambo kama hilo: maji, moto na mkono ni maneno ya Kibantu, lakini hakimu na mahakama yalikuja kwa njia ya bahari.

Kisha akanipa mzizi mmoja mmoja. Alianza na 'port', ambao kwa Kilatini ni kubeba. Ukitanguliza 'ex', yaani nje, wapata 'export', kupeleka bidhaa nje. Ukitanguliza 'im', yaani ndani, wapata 'import', kuingiza bidhaa. 'Trans' ni kuvuka, basi 'transport' ni kuchukua vitu toka hapa hata kule, kama yalivyofanya malori yaliyotupita usiku na mchana. 'Re' ni kurudi, na 'report' ni habari aliyotumwa mtu akairudisha. Kwa mzizi mmoja nilipata maneno ambayo kwa njia yangu ya kwanza ningeyakuta baada ya miaka minne.

Mzizi wa pili ulikuwa 'scrib' au 'script', yaani kuandika. 'Manuscript' ni andiko la mkono, kwa kuwa 'manus' ni mkono. Daktari aandikapo cheti kabla hujapewa dawa, cheti hicho ni 'prescription', maana 'pre' ni kabla. Na zile herufi P.S. ambazo makarani tuliziweka chini ya barua kwa kuiga tu, kumbe ni 'postscript', yaani lililoandikwa baada ya barua kwisha.

Kwa wakulima alinipa mzizi ambao naona una faida kuliko yote, nao ni 'cide', unaotoka katika neno la Kilatini la kuua. Katika chupa za dawa za shamba, 'insecticide' huua wadudu, 'fungicide' huua ukungu uharibuo viazi na nyanya, na 'herbicide' huua majani, kwa kuwa 'herba' ni majani. Mkulima asiyejua tofauti hiyo aweza kununua dawa ya magugu akidhani ni ya wadudu, akainyunyiza katika maharagwe yake, na baada ya siku chache akabaki na shamba tupu na deni.

Tena alinionyesha jambo lililonifurahisha mno, ya kwamba viambishi vya Kiingereza vina ndugu zao katika Kiswahili. Ile 'er' ya mwisho katika 'reader' na 'writer' yafanya kazi ifanywayo na 'm' na 'ji' katika msomaji, na 'mw' na 'i' katika mwandishi. Na ile 'able' ni kama 'ika' yetu: 'readable' ni kitu kisomekacho, 'portable' ni kitu kibebekacho. Akasema, "Mtu ajuaye Kiswahili sawasawa amekwisha tembea nusu ya njia ya kukijua Kiingereza, ila hakuambiwa."

Kwa muda wa miezi sita nikawa mtu wa sifa pale sokoni. Watu waliniletea barua zao, nami nilizifungua vipande vipande kama fundi afunguaye saa. Hata kamusi niliiacha juu ya rafu, nikaona haina kazi tena. Hapo ndipo palipozaliwa kosa langu.

Siku moja alasiri lori lilisimama mbele ya ghala likiwa na mapipa ya chuma. Dereva alikwenda kutafuta fundi. Pipa moja lilikuwa likivuja polepole, na matone yake yalikuwa meupe kama maji, wala harufu yake haikuwa ya petroli wala ya mafuta ya taa tuliyoyazoea. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Alikuwa akichoma mahindi ya kuuza juu ya jiko la makaa, hatua chache tu kutoka pale palipodondoka matone yale. Akaona maandishi mekundu katika pipa, akaniita.

"Mjomba, neno lile lasemaje?"

Neno lilikuwa 'inflammable'. Sikuwa nimepata kuliona, lakini nilijiona mwalimu. Nikamwambia mbele za watu, "Ni jepesi. 'In' ni kukana, kama katika 'incorrect', yaani si sahihi. 'Flam' ni mwali wa moto. 'Able' ni kuweza. Basi kitu hicho hakiwezi kushika moto."

Mtoto akaniamini, akaliacha jiko lake palepale, akazidi kulipepea makaa.

Dereva aliporudi akaliona jiko, alipiga kelele ambayo sijaisahau. Alilinyakua kwa mikono miwili, akakimbia nalo mpaka ng'ambo ya barabara, akalifukia kwa mchanga. Mikono yake iliungua. Kisha akarudi akamshika mtoto begani akamwuliza, "Nani aliyekuruhusu kukaa na moto hapa?"

Mtoto akajibu, "Mjomba amesoma maandishi, akasema haiwaki."

Watu wote wakanigeukia. Dereva hakunitukana. Alichovya kijiti katika matone yale, akaenda nacho mbali penye mawe, akawasha kibiriti. Mara kijiti kikashika moto, mwali wa buluu hafifu usioonekana vizuri kwa sababu ya jua. Akasema yale mapipa ni ya spiriti. Kisha akaniambia, "Bwana karani, mimi niliacha shule darasa la tatu. Lakini neno hilo nalijua, kwa kuwa nilimwona mwenzangu akiungua."

Usiku ule niliishusha kamusi kutoka juu ya rafu, nikaipangusa vumbi. Nikaona ya kwamba 'inflammable' ni kitu kishikacho moto upesi. Asubuhi nikamwendea mzee nikamweleza yote, nami nilikuwa na haya. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Kosa ni letu sote wawili. Nilikupa funguo, lakini sikukuambia ya kwamba kuna milango miwili ifananayo. Katika Kilatini kuna 'in' ya kukana, na kuna 'in' nyingine ya kuingia ndani. 'Inflammable' ina hiyo ya pili: ni kitu kiingiacho katika mwali. Hata wewe uliijua. Je, 'import' maana yake ni kutobeba?"

Maneno hayo yaliniuma kuliko matusi, maana alisema kweli. Ushahidi nilikuwa nao katika daftari langu mwenyewe, lakini sikuutazama. Na sisi hatuwezi kuwacheka Waingereza, kwa kuwa 'ji' ya msomaji si 'ji' ya kujipenda, ingawa herufi ni zile zile.

Baadaye nilijua ya kwamba sikuwa peke yangu katika kupotezwa na neno lile. Huko Marekani, katika miaka ya 1920, chama cha kitaifa cha kukinga moto kilihimiza watu watumie 'flammable' badala yake, kwa kuogopa wasomaji wasije wakadhani ile 'in' ni ya kukana. Ndiyo sababu siku hizi katika malori mengi ya mafuta huonekana neno hilo fupi. Maneno yote mawili yana maana moja: kitu hicho huwaka. Kisichowaka huitwa 'non-flammable'.

Tangu siku ile nimejifunza kwamba mzizi hutuambia neno lilitoka wapi, lakini hautuambii sikuzote limefika wapi. 'Manufacture' kwa asili ni kutengeneza kwa mkono, lakini leo ni kazi ya mashine za viwandani. 'December' asili yake ni kumi, kwa kuwa katika kalenda ya kale ya Warumi ulikuwa mwezi wa kumi, nasi twauhesabu wa kumi na mbili. Katika Kiswahili pia, neno simu lilitokana na Kiajemi, nalo lilikuwa na maana ya waya, lakini simu za mkononi hazina waya, na jina limebaki lile lile. Tena tazama siku za juma. Jumatano ni siku ya tano kwa hesabu yetu ianzayo Jumamosi, na Alhamisi ni ya tano kwa Kiarabu. Basi mgeni atakayefuata mizizi peke yake atakuta siku mbili za tano katika juma moja, naye atakosa ahadi yake.

Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilipinduka huko Sachang'wan, karibu na Molo. Watu wengi walikwenda kuteka mafuta yaliyomwagika, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Sisemi ya kwamba waliangamia kwa kutojua neno. Kila mtu ajua kuwa petroli huwaka, na umaskini una nguvu zake. Lakini niliposikia habari ile nilikaa chini, maana niliona tena jiko la makaa na mtoto akilipepea kwa sababu ya neno langu mimi. Mpwa wangu sasa ni mtu mzima mwenye watoto wake. Kila nikimtazama nakumbuka ya kwamba aliokolewa na mtu ambaye elimu yake niliidharau.

Basi nawapa wasomaji njia niifuatayo mpaka leo. Chukua daftari, uligawe kila ukurasa sehemu nne. Katika sehemu ya kwanza andika neno jipya ulilolikuta katika barua, katika chupa ya dawa au katika gazeti; usichukue neno lisilokuhusu. Katika ya pili ligawanye vipande vyake, na ukisie maana. Katika ya tatu andika maana iliyo katika kamusi, hata kama una hakika ya kukisia kwako. Katika ya nne tunga sentensi yako mwenyewe inayohusu shamba lako, duka lako au kazi yako. Mahali ambapo sehemu ya pili na ya tatu hazipatani, piga mstari kwa wino mwekundu, kwa maana hapo ndipo penye somo lenyewe.

Na usiogope kwamba maana katika kamusi zitakuwa ngumu kuliko neno lenyewe. Mwaka 1935 Michael West, aliyekuwa amefundisha Bengal, pamoja na James Endicott, walitoa kamusi kwa ajili ya wageni wanaojifunza Kiingereza. Katika kamusi hiyo maneno na mafungu ya maneno kama 24,000 yalielezwa kwa kutumia maneno 1,490 tu. Kamusi za wanafunzi zilizofuata zimeshika desturi hiyo ya kueleza kwa maneno machache yajulikanayo. Mtu akiyajua hayo machache vizuri, aweza kuyafikia yale mengi bila mwalimu.

Mizizi niliyopewa na mzee yule bado naitumia kila siku, nami namshukuru. Sikuitupa kwa sababu ya kosa langu, kama vile mtu asivyotupa panga kwa kuwa limemkata. Ila nimejua mpaka wake. Mzizi hukisia, na kamusi huhukumu. Na pale ambapo kamusi haipo, yuko dereva, yuko fundi, yuko mpishi, ambaye amelijua neno kwa kazi yake. Kumwuliza yeye si aibu hata kwa karani, maana wazee walikwisha sema ya kwamba kuuliza si ujinga. Nami naongeza ya kwamba ujinga wangu siku ile haukuwa katika kutojua neno. Ulikuwa katika kumjibu mtoto kabla ya kuuliza.